Ombi la Gari Langu Kuingizwa Kwenye Orodha ya Magari Mabovu

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni iliyoniuzia pikapu nyeupe.

Ndugu Meneja,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, umeketi kwenye kiti kisichoyumba. Nasema kiti kwa sababu viti ndiyo kazi yangu. Hukodisha viti na maturubai kwa arusi, misiba, mikutano na mahafali, na mwaka huu natimiza miaka thelathini na tisa nikivipeleka mwenyewe kwa gari ninaloliendesha mwenyewe. Kazi hii ina sheria moja tu, nayo nimeiandika kwa rangi nyekundu kwenye mlango wa stoo: viti hufika kabla ya makalio.

Sitakuzungusha. Nimesikia kuwa kampuni yako imetoa orodha ya pikapu ambazo mfumo wake wa haibridi nyepesi, yaani injini ya mafuta kusaidiwa na mota ya umeme, umeonekana kuwa na kasoro, na kwamba wenye magari hayo wanaitwa wayarudishe yakatengenezwe. Nimeitafuta namba yangu ya chesisi katika orodha hiyo mara tatu, mara ya mwisho kwa miwani ya mke wangu. Haimo. Naandika kuomba, kwa heshima zote, gari langu liingizwe.

Najua utashangaa mtu kuomba ubovu. Subiri nikueleze. Mke wangu ndiye hakimu wa nyumba hii, na hukumu zake hazina rufaa. Ametamka hivi: kama gari ni bovu, basi mimi ni mzima na niendelee kuendesha. Kama gari ni zima, basi mgonjwa ni mimi, niende hospitali nikauonyeshe mguu, na ufunguo apewe binti yetu. Mwisho ni Ijumaa. Kwa sasa ufunguo umetundikwa kwenye msumari jikoni, juu ya ndoo ya maji, na hakuna anayeruhusiwa kuugusa isipokuwa yeye. Kwa hiyo unaona, mimi sihitaji gari lipone. Nahitaji karatasi yenye mhuri inayosema kuwa linaumwa.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Gari linajizima.

Mtasema ndivyo lilivyoundwa. Hilo nalijua. Siku ya kulinunua, muuzaji wenu alinifungulia boneti akanionyesha injini ya dizeli, na pembeni yake mota ndogo ya umeme iliyounganishwa nayo kwa mkanda. Akanieleza kuwa nikisimama, injini italala ili isinywe mafuta bure, na nikitaka kuondoka, mota itaiamsha. Nilimwambia mafahali wawili hawakai zizi moja. Akacheka, akasema mmoja wao ni ndama tu, akanipa kalamu nisaini.

Sasa nikwambie nilikotoka. Gari langu la zamani, tulilokuwa tukiliita Bi Mkubwa, lilikufa starta katika mwaka wake wa tatu. Kwa miaka kumi na tisa iliyofuata sikulizima hata mara moja isipokuwa kwenye mteremko. Nilikunywa chai injini ikiunguruma. Nilihudhuria misiba injini ikiunguruma, nikiwa nimesimama karibu na lango ili nisikie ikibadili sauti. Mtu aliyezoea maisha hayo, injini ikinyamaza, na yeye roho humruka. Hili lenu hunyamaza kila penye taa, kila penye makutano, kila mtu akivuka na mbuzi wake.

Na lingekuwa linanyamaza tu, ningelisamehe. Shida ni kwamba halirudi. Mwezi uliopita lilinyamaza kwenye makutano ya soko nikiwa na viti mia mbili vya arusi. Nikakanyaga, nikatia gia, kimya. Honi zikaanza nyuma yangu. Mpakizi wangu, ambaye tunamwita Taratibu kwa sababu ya mwendo wake, aliteremka akasukuma, akisaidiwa na muuza karanga na watu wawili waliokuwa wakienda zao benki. Tulipofika ukumbini bibi arusi alikuwa ameshaingia, naye amesimama. Wageni wote walikuwa wamesimama. Shangazi yake bibi arusi, mwanamke mzito wa mwili na wa maneno, alikuwa ameketi juu ya spika, na akaniambia mbele ya watu, "Baba, jogoo akichelewa hivi tunamla."

Wiki mbili baadaye, kwenye msiba mmoja, marehemu alifika kabla ya viti. Sitaki kulizungumzia zaidi.

2. Lugha ya dashibodi.

Kila gari linaponyamaza na kugoma, kioo cha dashibodi huandika: KANYAGA KLACHI HADI MWISHO. Bila tafadhali, bila salamu, kwa herufi kubwa. Nina miaka sitini na mitatu. Nilianza kukanyaga klachi kabla aliyeandika maneno hayo hajaota meno. Na nakanyaga kweli, Ndugu Meneja, nakanyaga mpaka jasho linanitoka kwenye paji la uso, nalo linaandika tena yaleyale. Taratibu alipendekeza nikizibe kioo hicho kwa utepe wa gundi, na ndivyo nilivyofanya. Sasa halisemi kitu, ila bado haliwaki.

3. Ubaguzi.

Hapa naomba usome polepole. Gari hili halijawahi kumgomea binti yangu.

Binti yangu ana miaka thelathini na mmoja. Anaweza kukunja turubai la watu mia peke yake, na mteja mkorofi humnyamazisha kwa kumtazama tu. Sina ugomvi naye. Lakini Jumapili moja alilipeleka gari kuoshwa, Taratibu akiwa shahidi, wakapita makutano kumi na mawili. Gari lilinyamaza mara kumi na mbili, likaamka mara kumi na mbili. Taratibu alihesabu kwa vidole, na alipofika kumi na moja akavua kiatu. Nilimuuliza binti yangu amelifanyia nini. Akasema, "Sijalifanyia kitu, Baba. Nimekanyaga tu."

Nawauliza ninyi mliosoma: mota ya umeme inajuaje nani amekaa? Kama imefundishwa kuchagua watu, mteja alipaswa kuambiwa kabla ya kusaini. Na gari lenyewe mliambie, mchagua nazi hupata koroma.

4. Ndala zangu. (Hili lilifaa kuwa la pili, lakini nimelikumbuka sasa hivi nikitazama miguu yangu.)

Tangu nianze kuendesha gari hili nimepoteza ndala tatu, na zote ni za kushoto. Za kulia zipo, zimepangwa mlangoni, wajane watatu. Ya kwanza tuliikuta imekwama chini ya pedali ya klachi, imekatika. Ya pili aliiokota Taratibu, imeshapondwa na lori, njiani kati ya stoo na nyumbani, mahali nilipopita kwa miguu bila kujua kuwa nimevaa moja. Ya tatu mpaka leo haijulikani ilipo.

Sikukaa bure, nimefanya uchunguzi. Mfumo wenu una betri yake ya pili, ya volti arobaini na nane, chini ya kiti cha nyuma. Betri ya kawaida ina volti kumi na mbili, na miaka yote hiyo ilinitosha. Toa kumi na mbili katika arobaini na nane, zinabaki thelathini na sita. Hizo thelathini na sita zinakwenda wapi? Nasema zinakuja kwenye mguu wangu wa kushoto. Mguu huo una ganzi kuanzia vidoleni hadi chini ya goti, na mguu wa kushoto ndio unaokaa kwenye klachi. Sidhani kama hapo panahitaji profesa.

Mke wangu anasema ganzi ilianza kabla ya gari, tangu mwaka jana nilipoanguka kutoka juu ya rundo la viti stoo. Anachanganya tarehe. Anauliza pia mbona hata kitandani mguu una ganzi, ilhali gari limelala uani. Nimemjibu kwamba umeme huhifadhiwa, na ndiyo kazi ya betri. Alikwenda kukagua kama ufunguo uko msumarini.

5. Fundi wenu.

Nashukuru kwamba mlituma fundi hadi nyumbani. Alikuja mama mmoja mwenye ovaroli safi na kompyuta. Akachomeka waya chini ya usukani, akasoma, akazunguka mtaa mara mbili kwa gari langu. Lilimtii, kama nilivyotarajia. Kisha akaniomba niendeshe mimi, yeye akakaa kando yangu. Gari likanyamaza pale kwa fundi viatu, likagoma. Nikamgeukia nikitegemea aitazame kompyuta. Yeye alikuwa anatazama mguu wangu.

Akaniuliza kwa upole, "Mzee, hapo umekanyaga?" Nikamwambia nimekanyaga. Akaniuliza tena kama nina uhakika. Ndugu Meneja, mimi nilileta malalamiko ya gari, sikuita daktari. Aliandika kwenye fomu maneno mawili, HAKUNA HITILAFU, na nakala akampa mke wangu, si mimi niliyesaini kununua. Fomu hiyo sasa imetundikwa kwenye msumari uleule, nyuma ya ufunguo.

6. Jirani yangu.

Jirani yangu ni muuza mabati. Tulinunua pikapu wiki moja, rangi moja, tukapiga picha pamoja. La kwake liliharibika kwa heshima. Maji yaliingia kwenye ile mota ndogo, mkanda ukachanika, betri ya chini ya kiti ikapata moto mpaka kukawa na harufu ya plastiki, na gari likaishiwa nguvu katikati ya daraja likiwa limejaa mabati. Watu walishuka kwenye magari yao kuja kutazama. Baada ya siku chache akaletewa barua ya kuitwa, yenye mhuri wa buluu. Akapewa betri mpya, mota mpya, na kofia.

Sasa kila asubuhi hukaa nje ya duka lake na kofia hiyo, kwenye kiti changu, akisimulia watu siku gari lake lilipoitwa. Hakuna aliyemwambia aende hospitali. Mke wake anampikia kama kawaida.

Namba yake ya chesisi inaishia mia nne na sita. Orodha yenu inakomea mia nne na kumi. Yangu inaishia mia nne na kumi na mbili. Nimekosa kwa mbili, Ndugu Meneja. Katika kazi yangu, mtu akiagiza viti mia nne napeleka mia nne na ishirini, kwa sababu wageni hawaji kwa hesabu. Ninyi mmeandaa shughuli kubwa namna hii bila kiti cha ziada hata kimoja. Na isitoshe, gari langu nalo lina dalili: kila asubuhi likiwa bado baridi, mkanda wake hulia kwa dakika nzima, mlio mwembamba ambao umefanya mbwa wa jirani ahame upande mwingine wa ua. Mlio kama huo hautoki kwenye gari zima.

Kwa hiyo naomba mambo yafuatayo. Kwanza, orodha isogezwe hadi mia nne na kumi na mbili. Ikishindikana, basi mseme kwamba pikapu zote za mwaka huo ni mbovu, na langu litaingia humo bila kutajwa. Ikishindikana na hilo, mtangaze kwamba kuweka injini na mota ya umeme chini ya boneti moja lilikuwa kosa tangu mwanzo, mwombe radhi ulimwengu, na nakala ya tangazo mniletee kabla ya Ijumaa saa nne asubuhi. Kofia si lazima.

Nataka kusema jambo moja ambalo si malalamiko, na naomba lisipewe namba. Ninaogopa. Miaka thelathini na tisa nimekuwa mtu wa kwanza kufika kila mahali. Nimeona kumbi zikiwa tupu kabla ya arusi elfu, na nyua zikiwa kimya kabla ya watu kuja kulia. Nimezoea kupanga mistari, kunyoosha ya nyuma, kisha kukaa kwenye kiti kimoja dakika tano kabla hawajaja. Dakika hizo tano ndizo mshahara wangu. Nikinyang'anywa ufunguo, nitakuwa nafika pamoja na watu, na mimi sijui mtu akifika pamoja na watu hukaa wapi.

Basi nakutegemea. Msalimie mlinzi wa getini ambaye siku ile alinishikia kioo nikajitazama kabla ya picha. Msalimie muuzaji, mwambie ndama amekua. Msalimie yule mama fundi, pamoja na kinyongo kidogo. Salamu kwa wote wa kaunta, wa stoo ya vipuri, na kwa yeyote anayeshika mhuri, huyo msalimie mara mbili. Nyumbani wote hawajambo isipokuwa gari.

Ni mimi, mteja wenu anayesukumwa,
Mwenye viti, namba ya chesisi inayoishia mia nne na kumi na mbili.

Tanbihi. Barua hii niliifunga Jumatano. Leo ni Alhamisi, nami nimeifungua tena kwa kisu cha mezani, kwa hiyo mnisamehe bahasha imechanika.

Asubuhi tulikuwa na viti mia tatu vya kupeleka kwenye mahafali. Mke wangu alitoa ufunguo msumarini akampa binti yetu, akasema ni kwa leo tu. Nami nikapanda upande wa abiria, mahali ambapo sijawahi kukaa katika gari langu mwenyewe. Sikujua kuwa pale mbele kuna kidroo, na ndani yake kitabu cha maelezo ya gari, bado kimo kwenye nailoni yake.

Tulipofika makutano ya soko gari likanyamaza. Nikafurahi, Mungu anisamehe. Nikasema moyoni, leo ataona. Lakini dereva hata akiwa abiria miguu yake haitulii. Binti yangu alipokanyaga klachi, nami nilikanyaga sakafu pamoja naye, kwa nguvu zangu zote, kama nilivyokanyaga miezi yote hii. Gari likaamka. Nikatazama chini nione mguu wangu ulivyokaza. Haukuwa umekaza. Ulikuwa umelala ubavu palepale ulipotua nilipopanda, na ndala iko kando yake. Nilikuwa nimekanyaga kichwani tu.

Binti yangu aliona. Alisubiri mpaka tumevuka, kisha akasema, "Baba, ndala yako." Nikainama nikauvalisha mguu kwa mkono. Viti vilifika kabla ya makalio kwa saa nzima na dakika kumi, na tulipomaliza kupanga, yeye aliketi kiti cha mbele, akanivutia kingine kando yake.

Nimemwambia mke wangu. Alikuwa anajua. Jumanne tunakwenda hospitali. Kwa hiyo lifuteni ombi langu lote, kuanzia namba moja hadi kofia, na yule mama fundi mpeni samahani yangu, kwa kuwa alitazama mahali penye ubovu. Mlio wa mkanda ndio msiufute. Huo ni wenu kweli, hata binti yangu ameusikia.

Na kama kampuni yako ina orodha nyingine, ya madereva wanaoitwa warudi wakaangaliwe, niingizeni humo. Toleo langu ni la zamani, lakini vipuri vyote ni vile nilivyokuja navyo. Msisumbuke kutuma gari la kunivuta. Nitaletwa na binti yangu.